Mkono wa Unyangala na Mpira wa Kwanza

Mwaka ule upepo wa Singida ulivuma hata kuku wakajifunza kutembea kinyumenyume, na anayebisha akamuulize aliyekuwapo. Uwanja wa mashindano ulikuwa umezungushiwa maturubai pande tatu. Upepo ukaona haya kuyachana, ukapita upande wa nne.

Yustina Ntandu alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtambo wao, mkono wa chuma wa kurusha mipira ndooni, miwani puani na kishikwambi mapajani. Nusu fainali ilikuwa imekwisha dakika tatu tu zilizopita. Sekondari ya Unyangala walikuwa wamepita kwa kuponea chupuchupu: mipira tisa kati ya kumi, wenzao minane. Na kama ilivyokuwa tangu asubuhi, uliopotea ni ule wa kwanza.

"Shetani wako kafanya tena," alisema Hango, nahodha wao, kijana mrefu ambaye akisimama karibu na mtambo ungedhani ni sehemu yake. "Mechi nne, mipira minne. Leo nimemwona mwamuzi akiruka kama amekanyaga siafu."

"Si shetani."

"Basi nani? Springi nimebadilisha. Mota ya bega nimebadilisha. Nimebaki mimi mwenyewe, nibadilishwe?"

Yustina akainua macho. Wenzake wa Itumbili, wapinzani wao wa fainali, walikuwa wameketi ng'ambo wakila mihogo kwa utulivu wa watu wasio na cha kurekebisha. Mtambo wao ulikuwa bomba moja la chuma, limechomelewa kwenye fremu kwa pembe moja, basi. Haligeuki kulia wala kushoto, halipandi wala halishuki. Likitaka kupiga ndoo ya juu linarudi nyuma. Likitaka ya chini linasogea mbele. Ramla, nahodha wao, alikuwa amechora alama tatu sakafuni kwa chaki, na bomba lilikuwa likiendeshwa hadi kwenye alama, likitema, likiondoka. Polepole, lakini halikosei.

"Kila kiungo ni mdomo," Ramla aliwaambia asubuhi walipokutana kwenye mzani wa kupimia mitambo, akiugusa mkono wa Unyangala kwa kidole kimoja, bega, kiwiko na kifundo. "Na kila mdomo husema uongo kidogo. Nyie mna midomo mitatu."

"Na nyie ni bubu," Hango alimjibu.

Kila mtu alicheka wakati ule. Sasa hakuna aliyecheka. Bomba la Itumbili lilikuwa limepiga kumi kwa kumi mara mbili. Mkono unaogeuka ulikuwa na kasi, ungesimama mahali pamoja ukazipiga ndoo zote tatu huku ukiusoma upepo, lakini ungeanza fainali ukiwa na mipira tisa tu ya maana.

Na fainali ile haikuwa ya kikombe. Kanuni ilikuwa fupi, imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: mtambo utakaoshinda utafungwa muhuri vilevile ulivyocheza, bila kuguswa hata mstari mmoja wa programu, kisha utanakiliwa mara mia nne. Nakala zitakwenda kwenye kata ya washindi kulinda mtama dhidi ya ndege aina ya kweleakwelea. Kata iliyoshindwa itangoja mwaka mwingine. Huko Unyangala kungoja kulimaanisha vichanja: shule nzima juu ya vichanja, madongo mkononi, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, wiki saba. Mwaka uliotangulia wanafunzi kumi na mmoja walipanda vichanjani na hawakurudi darasani tena. Mmoja alikuwa Paskalina, aliyekaa dawati moja na Yustina tangu kidato cha kwanza.

"Dakika arobaini," alisema Madam Gwau, mwalimu wao wa fizikia, akija na chupa ya maji. "Na nimepigiwa simu. Ndege wameonekana ng'ambo ya mbuga. Wanasema wingu lao limeziba jua, mbuzi wakarudi zizini wakidhani magharibi."

"Sasa hivi?" Hango aliuliza.

"Leo saa nne asubuhi. Yustina, mwanangu, kitafute hicho kitu."

*

Alikitafuta pasipotarajiwa. Badala ya kuangalia mpira ulipotoka, akaangalia ulipoangukia.

Picha za mechi nne zilikuwamo kwenye kishikwambi. Mechi ya kwanza, mpira wa kwanza ulidunda kushoto, kando ya nguzo ya kamba. Mechi ya pili ulidunda kulia, karibu na meza. Ya tatu nyuma ya ndoo. Ya nne mbele kabisa. Ungesema umerushwa na mlevi. Lakini kila picha, hatua mbili kutoka mpira ulipodunda, ilikuwa na jozi moja ya viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa.

Viatu vya Mzee Nkuwi, mwamuzi wa mstari.

 Yustina akafungua kumbukumbu za karakana ya shule. Kule walifanyia majaribio wakiwa wamejificha nyuma ya ukuta, kwa amri ya Madam Gwau, maana springi moja ilikwisha kung'oa kitasa cha mlango. Majaribio mia mbili na kumi. Mpira wa kwanza haukupotea hata mara moja. Karakana haikuwa na mtu.

Mkono haukuwa unakosea. Ulikuwa unatafuta mtu, unampata, unarusha kando yake.

Akapiga simu nyumbani. Bibi Njou alipokea kwa mlio wa tatu. Alikuwa kichanjani tayari, upepo ukipuliza kwenye simu kama mtu anapuliza moto.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mmeshinda?"

"Bado. Bibi, nikuulize. Mkiamia ndege, lile dongo la kwanza mnalirusha wapi?"

"La kwanza? Si pembeni ya mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote aliyeko! Anayepita njiani, anayechuma mlenda, anayejisaidia kichakani. Unamwangushia dongo kando yake ajue kombeo limeamka. Ainame au aondoke. Ndipo unageukia ndege. Utaanzaje kupiga ndege hujamwambia mwenzako? Nani kakulea wewe?"

"Na kama hakuna mtu?"

"Kama hakuna mtu unampigia nani hodi, upepo?"

Yustina alikata simu taratibu. Misimu miwili walikuwa wametundika kamera kwenye vichanja kumi na viwili ili mkono ujifunze kurusha kwa kuwatazama wanawake wa Unyangala, mabingwa wa kombeo kuliko mashine yoyote. Bibi Njou mwenyewe inasemekana aliwahi kumng'oa kunguru unyoya mmoja wa mkia bila kunguru kujua. Marusho elfu sita. Mkono ulijifunza yote. Walidhani wameufundisha shabaha. Kumbe walikuwa wameufundisha na adabu, na tangu asubuhi walikuwa wanaitafutia adabu hiyo springi mpya.

*

"Basi ifute," Hango alisema.

Walikuwa wameketi watatu chini ya turubai, mtambo katikati yao. Zilibaki dakika kumi na nane.

"Umenisikia nilichosema?" Yustina aliuliza.

"Nimesikia. Ni hodi. Ni jambo zuri sana, nitamsimulia mjukuu wangu. Kuifuta ni mistari mingapi?"

"Miwili."

"Ifute, Yusti. Kule shambani Kamati ya mashindano itaweka ving'ora."

"Mwaka jana Kamati iliahidi mabuti. Umevaa nini mguuni?"

Hango akaangalia ndala zake, akaangalia pembeni.

"Hapa tunarusha mpira wa sponji," Yustina alisema, "kwa robo ya nguvu. Kule ni kidongo cha udongo wa kuchoma kwa nguvu yote. Unakijua kile kitasa cha mlango. Na nakala mia nne, zote zitakuwa kwetu. Zinageuka kila upande. Hata mama yako akipita..."

"Usimlete mama yangu!" Hango alisimama. "Mama yangu yuko kichanjani sasa hivi. Mdogo wangu yuko kichanjani. Unajua Paskalina yuko wapi? Kaolewa. Ana miaka kumi na saba. Hilo nalo ni hatari au siyo, wewe mwenye adabu?"

Yustina akamgeukia Madam Gwau. Alikuwa anafunga kizibo cha chupa, anakifungua.

"Tukiendelea kuupoteza mpira huo tutashindwa," alisema mwisho. "Na programu ikishafungwa muhuri, ndiyo hiyo kwa mwaka mzima. Yote mawili ni kweli. Mimi... mimi nina madawati kumi na moja matupu, Yustina. Sitakuamuru. Ila sitakuzuia."

Kuna maneno ya mwalimu yanayokupa njia, na kuna yanayokuacha njiani. Yustina aliangalia ile mistari miwili. Alimfikiria Paskalina. Halafu akaifuta.

*

Itumbili walitangulia. Bomba likasogea kwenye alama ya kwanza, likatema mitatu ndoo ya juu. Likasogea, likatema mitatu ndoo ya kati. Umati ulikuwa unahesabu kwa sauti. Kwenye mpira wa tisa, upepo ukapita upande wa nne kama mgeni asiyealikwa, ukaubeba mpira ukauweka juu ya turubai. Ramla akafumba macho. Bomba halikuwa na la kufanya. Chuma kisichogeuka hakiwezi kuuinamia upepo. Tisa kwa kumi.

Ikaja zamu ya Unyangala. Mzee Nkuwi alikuwa bado uwanjani, ameinama karibu na ndoo ya chini, anaokota mpira wa Itumbili uliobingirika. Filimbi ikalia. Hakuonekana kuwa na haraka.

Mkono ukainuka. Haukutafuta mtu. Ukapiga: ndoo ya juu. Ukapiga: ndoo ya juu. Umati ukaruka. Mpira wa tatu, ndoo ya kati. Yustina aliona Mzee Nkuwi bado ameinama, akafungua mdomo kupiga kelele, na mkono ukashuka kuelekea ndoo ya chini, ukapiga.

Ulimpata kwenye mfupa wa bega. Sauti yake ilikuwa kama kanga iliyopigwa jiweni. Mzee akapepesuka, kofia ikaruka, na mpira ule, amini usiamini, ukaruka begani mwake ukatumbukia ndoo ya chini kama uliokuwa umetumwa.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mkono haukungoja; ulimaliza sita iliyobaki yote, huku Mzee akijikokota nyuma ya kamba. Kumi kwa kumi. Hango alimbeba Madam Gwau, akamshusha, akamwomba radhi, akambeba tena.

Yustina alikimbilia kwenye kamba.

"Mzee Nkuwi! Pole, pole sana. Umeumia?"

"Sponji hiyo, mwanangu, haiui." Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia, na alipojaribu kuokota kofia aliiacha ikakaa. "Kosa langu. Nilikuwa nangoja mpira wenu wa kupotea."

"Nini?"

"Ule wa kwanza. Tangu asubuhi najua, ukidunda karibu yangu basi hawa wa Unyangala wameanza, niondoke. Nimeshauzoea kabisa. Leo nikasema bado, ngoja niokote na huu." Akacheka, akakunja uso kwa maumivu. "Leo haukuja."

*

Meza ya muhuri ilikuwa na kitambaa cha kijani na kioo kidogo cha kuwekea dole gumba. Kanuni ilitaka dole la aliyeandika programu, si la mwingine. Likigusa kioo, programu hufungwa, na viwanda huanza kunakili kabla hujaliondoa.

Watu wa Unyangala walikuwa wameshaanza kuimba. Hango alikuwa anamsukuma Yustina mbele kwa mabega yote mawili.

"Weka, Yusti. Weka twende nyumbani."

Yustina alikitazama kioo. Robo ya nguvu, na mzee wa watu hawezi kuinua kofia. Mtu mmoja, asubuhi moja, mechi nne tu zilikuwa zimemfundisha kuitegemea hodi. Unyangala nzima walikuwa wameitegemea tangu mababu. Wangeusikia mtambo ukilia shambani, wangengoja dongo la kwanza lidunde kando yao, na wangengoja wamesimama wima.

"Kanuni ya kumi na nne," alisema.

Karani wa meza akainua macho. "Unasemaje?"

"Mshindi anaweza kuomba kurudia kabla ya muhuri. Matokeo yake ya kwanza yanafutwa."

"Hiyo ipo," karani alisema, akipekua daftari kama mtu anayetafuta nge. "Ipo kweli. Hajawahi kuiomba mtu mwenye akili."

"Naiomba."

Nyimbo zilikatika moja baada ya nyingine, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Hango alimgeuza akamtazama usoni.

"Unafanya nini?"

"Narudisha mistari miwili."

"Tumeshinda! Yustina, tumeshinda, umeelewa? Imeandikwa pale!"

"Imeandikwa. Sasa kaangalie bega la Mzee Nkuwi, halafu lizidishe mara nne, halafu liweke kwa mama yako. Ndiyo, namleta mama yako. Ukishamwona hivyo ukaniambia niweke dole, nitaweka."

 Hango aliangalia ng'ambo, ambako mzee alikuwa amekaa kwenye kiti na mtu anamfunga mkono kwa kanga. Karani akakohoa.

"Nakuchukia," Hango alisema kwa sauti ya chini. "Ujue hilo." Lakini hakumwambia aweke dole.

Mwamuzi wa mstari ndiye mwenye kuruhusu kurudia. Walimpelekea karatasi. Mzee Nkuwi aliisoma, akamtazama Yustina juu ya miwani.

"Upepo umeongezeka, binti."

"Naona, mzee."

"Itumbili wanabaki na tisa yao. Nyie mnaanza na hasara ya mmoja. Unajua unachoomba?"

"Najua."

Akatia sahihi kwa mkono wa kulia, kisha akainuka, akaingia uwanjani na mkono wake umefungwa, akasimama pale pale karibu na ndoo ya chini.

Filimbi. Mkono ukainuka, ukageuza bega polepole kushoto, kulia, ukampata. Mpira ukadunda hatua mbili kutoka viatu vya kahawia. Mzee Nkuwi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa, akatoka nyuma ya kamba. Umati ukamzomea Yustina, wengine kwa jina.

Juu. Juu. Juu. Kati. Kati. Mpira wa saba turubai likapiga kofi, mkono ukajipinda kuusoma upepo, ukaurekebisha mpira uliokuwa ukiondoka. Ukaingia kwa kugusa mdomo wa ndoo. Watu waliokuwa wakizomea wakasahau, wakaanza kuhesabu. Wa nane, ndani. Wa tisa, ndani. Wakiingiza wa kumi ni sare, na sare inarudiwa na pande zote mbili.

Wa kumi uliruka vizuri. Yustina aliufuata kwa macho njia nzima, na alijua kabla ya wengine. Upepo uliusukuma kiganja kimoja tu.

Nane kwa tisa.

*

Ramla aliweka dole lake kwenye kioo bila kushangilia. Kisha akaja hadi pale Yustina alipokuwa anafungua betri.

"Nimeulizwa kama bomba langu nalo linapiga hodi," alisema. "Nimesema haliwezi. Haligeuki."

"Halihitaji. Linapiga mstari mmoja tu. Funga kamba kwenye mstari, kila bomba, watu watapita pembeni. Kisichogeuka kamba inakitosha."

"Mia nne ni kamba nyingi."

"Sasa?"

Ramla akafikiri. "Nitazifunga," alisema, akaondoka kabla hajaonekana ameagizwa.

Madam Gwau alirudi kutoka kuzungumza kwa simu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa ya darasani. "Ndege wamevuka mbuga," alisema. "Wanaomba shule nzima kesho alfajiri. Nimewaambia tutakuja. Nimewaambia pia jioni saa kumi na mbili kila mtu anarudi darasani na taa, na nitakayemkosa nitamfuata kwao, awe kaolewa, awe kafa."

 Hango alikuwa anafungua nati za bega la mtambo, moja moja, anazipanga juu ya turubai. Alipomaliza alibaki ameinama.

"Utakaa kichanja cha mashariki," alisema bila kugeuka. "Jua la asubuhi likutoboe macho. Wiki zote saba. Ndiyo adhabu yako."

"Sawa."

"Na dongo usilenge kwa miwani hiyo, utaiua kata nzima."

"Sawa, Hango."

"Kinachofuata nitakaa mimi." Akausogeza upande mmoja wa mkono wa chuma kuelekea kwake. "Shika huko. Ni mzito, na gari linaondoka."